Barua Iliyorudishwa Mara Tatu

Barua ya kwanza ilirudi siku ileile. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, karani wa ofisi alikuwa ameandika maneno mawili ya Kiingereza: "Not contrite."

Masikio aliyasoma akiwa amesimama koridoni, barua ameishika mbali na uso kama mtu anayesoma bila miwani. Neno la kwanza alilijua. La pili aligeuza karatasi huku na huku, akaamua kwamba karani kakosea herufi, alitaka kuandika "contract". Basi akarudi nyumbani, akapekua sanduku lote, akautoa mkataba wake wa ajira uliokunjwa mara nne, akaupeleka ofisini mbio mbio, jasho linamtiririka.

Karani aliutazama mkataba, akamtazama yeye, akaweka kalamu chini.

"Fundi, hii ni nini?"

"Si umesema haupo? Huu hapa."

"Nimeandika 'contrite'. Ce, o, ene, te..."

"Na hiyo ndiyo nini?"

Karani alikuwa dada wa makamo, hana makuu, lakini siku hiyo simu ilikuwa imelia tangu asubuhi. Akashusha pumzi. "Ndivyo alivyoniambia meneja niandike. Muulize mwenyewe. Mimi hapa ni mkono tu."

Meneja hakuulizika. Mlango wake ulikuwa umefungwa.

Masikio alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha unga kwa miaka kumi na saba. Jina hilo walimpachika wenzake kwa sababu alikuwa akipita kati ya mashine na chai yake mkononi, mara anasimama, anainamisha kichwa, na kusema, "Hiyo hapo inalalamika." Hakukosea hata siku moja. Hata meneja alilijua hilo, na pengine ndilo lililokuwa likimkera.

Yaliyotokea yalitokea siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Rola namba mbili ya kusagia ngano ilianza kunung'unika. Masikio akaweka kiganja kwenye kifuniko, akakiondoa haraka. Beringi ilikuwa inaungua. Akamwendea meneja, ambaye alikuwa amesimama na wapakiaji akihimiza magari yajazwe, akamwambia rola ile izimwe sasa hivi. Meneja akasema ikifika saa nane. Masikio akasema saa nane haitafika. Meneja akasema, "Hapa nani anaamuru?" Masikio akamjibu mbele ya wapakiaji wote, "Wewe kazi yako ni kuhesabu magunia. Mashine huijui hata jina," akageuka, akaenda kwenye swichi kuu, akazima kiwanda kizima.

Beringi ilipofunguliwa ilikuwa imepasuka. Ingeendelea nusu saa zaidi, rola yote ingekuwa chuma chakavu. Hilo kila mtu aliliona kwa macho yake. Lakini jioni yake Masikio alipewa karatasi: asitie mguu kwenye chumba cha mashine mpaka aandike barua ya kuomba radhi, kwa Kiingereza, kwa sababu nakala ingekwenda makao makuu, na makao makuu hawasomi lugha nyingine.

Ndiyo maana alikuwa na hasira. Ameokoa mashine, na sasa anaambiwa aombe msamaha kwa kuiokoa!

Barua ya pili aliiandika usiku wa siku ile ya kwanza iliporudi, kwenye meza ya kulia chakula, mkewe akimsomea maneno kutoka kwenye simu. Waliweka "sorry" katika kila sentensi, zote tano, na katika sentensi ya mwisho mara mbili. Asubuhi aliipeleka. Saa sita ikarudi. "Still not contrite."

"Bado?" alimwuliza karani. "Mara tano sijasema samahani?"

"Mara sita. Nilizihesabu."

"Sasa anataka nini, nilie machozi juu ya karatasi?"

"Fundi, usinipigie kelele. Mimi nimekukosea nini?"

Masikio akatoka nje, akapiga teke jiwe, likagonga lango, mlinzi akatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini.

Kulikuwa na mtu mmoja tu katika ukoo wao ambaye neno la Kiingereza halikumshinda, naye ni shangazi yake, mwalimu mstaafu aliyefundisha lugha hiyo kwa miaka thelathini na tano na ambaye mpaka leo husahihisha mabango ya madukani kwa sauti, mwenye duka akisikia. Masikio alikuwa akimkwepa. Ukienda kwa shangazi na swali moja, unaondoka na kazi ya nyumbani. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Leo ndiyo umeikumbuka njia ya kwangu?" Alikuwa barazani anachambua mchele. "Kaa. Si hapo, kiti hicho kimelegea, nilikwambia tangu mwaka jana uje unitengenezee."

Masikio akamweleza. Shangazi akazisoma barua zote mbili, midomo ikicheza, na kila alipofika kwenye kosa alitoa mguno mdogo kama mtu aliyechomwa na mwiba. Alipomaliza akasema, "Hizi zinaaibisha. Nitakuandikia mimi."

"Nieleze kwanza hilo neno, shangazi."

"Tutafika huko. Andika."

Akamsomea barua ya tatu. Ilikuwa kurasa mbili. Ilikuwa na maneno marefu kama mkanda wa kusafirishia ngano, na Masikio aliyanakili herufi kwa herufi bila kujua anakiri nini. Kesho yake asubuhi akaipeleka, kifua mbele.

Safari hii mlango wa meneja ulifunguliwa. Meneja mwenyewe alitoka, barua mkononi, shingo imemvimba.

"Unanifanyia mzaha?"

"Mzaha gani, bosi?"

"Maneno haya umeyatoa wapi? Unataka makao makuu waone fundi wangu anajua Kiingereza kuliko mimi?" Akamrudishia. "Nataka barua ya mtu anayejuta. Contrite! Neno moja tu, siku tatu linakushinda!"

"Basi nifafanulie maana yake, bosi, niliandike."

Meneja akatazama saa. "Kama hujui maana yake, hilo ndilo tatizo lako," akasema, akaingia ndani.

Masikio alirudi kwa shangazi bila hata kupitia nyumbani. Hakuketi. Alibaki wima barazani anatikisa zile karatasi.

"Shangazi, barua yako nayo imerudi."

"Yangu?" Shangazi akaweka ungo chini taratibu. Katika miaka thelathini na tano yeye ndiye aliyekuwa akirudisha kazi za watu. "Ina kosa gani?"

"Haina 'contrite'! Niambie hilo neno lina nini, kabla sijaenda kumng'oa yule mtu meno!"

Shangazi akaingia ndani, akatoka amekumbatia kamusi kubwa kama tofali la saruji, jalada limeshikwa kwa gundi na utepe. Akavaa miwani, akalowesha kidole.

"Keti. Waingereza hawana neno moja la kujuta. Wana kabati zima, na kila neno limetoka kwake. Hili la 'sorry' unalolimwaga kama maji, chanzo chake ni kidonda. Mtu anasema ninaumia. Na 'regret' asili yake ni kulilia maiti, kwa Kifaransa cha zamani. 'Remorse' ni Kilatini, kung'atwa tena. Jambo linakuuma, linaondoka, kisha linarudi kukuuma palepale."

"Na letu?"

Shangazi akasogeza kidole. "Hili nalo Kilatini. Ni kusuguliwa, kusagwa. Kusagwa mpaka mtu asiwe na punje iliyobaki nzima. Mwenye hali hiyo haanzi na 'lakini', kwa sababu hana tena kigumu ndani yake cha kuitolea hiyo 'lakini'."

Masikio akaketi, karatasi akaziweka pembeni yake. Kisha akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Miaka kumi na saba nasaga mimi. Sasa meneja anataka kunisaga."

"Anataka kuona unga."

"Hatauona. Sijutii kuzima ile mashine, shangazi. Hata wakinichemsha. Beringi ilikuwa imepasuka, nimeishika kwa mikono hii!"

"Mimi nimesema ujutie mashine?" Shangazi alivua miwani. Sasa naye alikuwa amechoka, sauti ilikuwa ile ya darasa la mchana lenye joto. "Umekuja hapa mara mbili, umenipigia kelele mara mbili, na mpaka sasa hujanisimulia siku ile kwa ukamilifu. Unaanzia beringi, unamalizia swichi. Anza mwanzo, nenda mpaka mwisho. Usiruke."

Masikio akasimulia kwa kuburuta miguu, kama mtoto anayehesabishwa. Rola, kifuniko cha moto, meneja, maneno mbele ya wapakiaji, swichi. Hapo akaishia.

"Ukazima. Halafu?"

"Halafu kukawa kimya."

"Kimya kabisa?"

Masikio akapangusa uso. "Kuna mama mmoja juu, ghorofa ya pili, kwenye machekeche. Mama Chekeche tunamwita. Alikuwa kwenye ngazi anasafisha. Kule hakuna dirisha. Taa zilipozimika akakosa kipandio."

"Akaanguka."

"Akaanguka. Kifundo cha mkono kikavunjika. Walimpeleka zahanati." Akaongeza haraka, "Nilisikia yowe lake, lakini meneja alikuwa ameshanikaba koo kwa maneno, na mimi nikawa..."

"Kabla ya kuzima huwa mnafanyaje?"

"Tunapiga filimbi. Mara tatu. Walioko juu washuke."

"Ulipiga?"

"Nilikuwa na hasira, shangazi."

Shangazi aliuchukua ungo wake akaendelea kuchambua mchele, na lile sikio ambalo lilisikia kila mashine ikilalamika sasa halikuwa na cha kusikia ila vijiwe vikitupwa uani, kimoja kimoja.

"Umemjulia hali?" aliuliza mwishoni.

"Bado. Nilikuwa nahangaika na barua."

"Siku tatu?"

Masikio akasimama. Aliaga kwa sauti ya chini, akasahau karatasi zake kitini.

Mama Chekeche alikaa mtaa wa pili kutoka kiwandani, vyumba viwili vya nyuma, uani kuna kamba ya nguo na bomba la pamoja. Masikio alimkuta amechuchumaa mbele ya beseni, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko na umening'inizwa kwa kanga, anajaribu kukamua shuka kwa mkono mmoja na goti. Maji yalikuwa yamemlowesha mpaka kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Aliyekufa nani?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimekuja kukujulia hali."

"Ehe. Leo Alhamisi."

Masikio alitafuta pa kuweka mikono. Njiani alikuwa amepanga maneno, mengine hata ya Kiingereza cha shangazi, yote yakayeyuka. "Mama, nimekuja kukuambia kwamba beringi ilikuwa inaungua, ingebidi..."

"Beringi!" Mama Chekeche aliitupa shuka ndani ya beseni, maji yakaruka. "Kila anayekuja hapa ananieleza beringi! Amekuja mlinzi, beringi. Wamekuja wapakiaji, Masikio kaokoa kiwanda, mama, ungeona beringi ilivyopasuka! Mimi mfupa wangu nao umepasuka, mbona hakuna anayekwenda kuutazama? Nimefanya kazi juu kule miaka ishirini na mbili. Sijawahi kushuka ngazi ile gizani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa mpumbavu kiasi cha kuzima bila filimbi. Hakuna! Hata wale walevi wa zamani walipiga filimbi!"

Masikio alisikia uso unamwaka. Neno "lakini" lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini meneja. Lakini hasira. Lakini nusu saa. Alilionja, akaona halina ladha yoyote, akalimeza.

"Sikupiga filimbi," akasema. "Nilijua upo juu. Nilikuona ukipanda asubuhi. Nilitaka tu meneja aone kwamba naweza kuzima, basi, nikazima. Wewe sikukukumbuka mpaka niliposikia yowe, na niliposikia yowe sikuja. Nimekukosea, mama. Nisamehe."

Mama Chekeche alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza. Alimtazama kama anavyotazama unga uliopita kwenye chekeche, akitafuta punje.

"Nimekusikia," akasema.

Masikio akangoja.

"Nimesema nimekusikia. Sijasema nimekusamehe. Unangoja nini, nikupe cheti? Shika ncha hiyo ya shuka."

Wakakamua shuka, yeye ncha hii, mama ncha ile kwa mkono wa kushoto. Kisha mashuka mengine mawili, kisha akajaza ndoo tatu za maji, kisha akakaza msumari wa mlango uliokuwa ukigoma kufungika. Mama Chekeche alimwelekeza kila kitu kwa ukali, na kila alichofanya alisema hakikufanywa vizuri. Alipokuwa anaondoka, mama akamwuliza kwa sauti kavu, "Hivi ile barua wanayoizungumza, mimi nimo?"

"Haumo, mama. Hata kwenye karatasi waliyonipa haumo. Imeandikwa kwamba nilimvunjia meneja heshima."

"Nilijua," akasema, akafunga mlango wake uliokuwa umetengenezwa.

Barua ya nne Masikio hakumwonyesha mtu. Aliiandika kwa Kiingereza chake mwenyewe, kifupi na chenye viraka. Alisema alizima mashine, na kuzima hakukuwa kosa. Alisema hakupiga filimbi, na hilo lilikuwa kosa lake, wala hakuwa na sababu. Alisema kuna mama anayefanya kazi kwenye machekeche ambaye mkono wake umevunjika kwa ajili hiyo. Alisema maneno aliyomwambia meneja mbele ya watu hayakufaa kusemwa na mtu mzima. Akatia sahihi.

Karani aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa ameketi. Kisha akachukua muhuri, akaugonga juu ya karatasi kwa nguvu mpaka kikombe kikatikisika, akaingiza nakala kwenye mashine ya faksi na kuituma makao makuu kabla wino haujakauka.

"Si lazima aione bosi kwanza?" Masikio akauliza.

"Nimechoka," karani akasema. "Barua mbili nimezirudisha kwa mkono wangu, kwa neno ambalo mimi silijui, na wewe hulijui. Hii nimeielewa, imefika. Ikifika, naituma. Ndiyo kazi yangu."

Meneja aliiona saa moja baadaye. Kelele zake zilisikika mpaka kwenye mizani ya magari. Hakuwa amekasirika kwa sababu ya heshima yake. Kulikuwa na sentensi moja tu iliyomtoa jasho, ile ya mama wa machekeche, maana katika taarifa aliyopeleka makao makuu Jumatatu jioni alikuwa ameandika kwamba hakuna aliyeumia.

"Umeniharibia!" alimwambia Masikio. "Nilikuambia ujute, si kusimulia!"

"Mimi nimeshindwa kuvitenganisha, bosi."

Jibu la makao makuu lilikuja Jumatatu iliyofuata. Masikio alirudishwa kazini na onyo la maandishi, kwa ajili ya filimbi. Mama Chekeche alipewa likizo ya ugonjwa kama sheria inavyotaka. Na meneja akatakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kwa nini ajali haikuripotiwa, kwa kujaza fomu ileile ya nidhamu aliyokuwa ametumiwa na makao makuu kwa ajili ya Masikio. Swali la saba la fomu hiyo liliuliza kama mhusika ni "contrite", ndiyo au hapana. Kumbe neno lilitokea huko, na tangu mwanzo meneja alikuwa akilinakili tu.

Siku ya pili ya hizo tatu, meneja alishuka chumba cha mashine, jambo alilolifanya mara chache, akasimama nyuma ya Masikio aliyekuwa amelala chali chini ya rola, mikono imejaa grisi. Alikohoa. Alizungumzia hali ya hewa. Kisha akasema, "Hivi lile neno... nasikia una shangazi mwalimu, alisema maana yake nini hasa?"

Masikio alijitoa chini ya rola. Alikuwa na majibu kadhaa, yote matamu, na wapakiaji walikuwa karibu. Alijifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole.

"Anasema ni kusagwa, bosi. Na ukikuta bado unaandika 'lakini', hujasagika. Futa, uanze upya."

"Anaweza kuniandikia?"

"Anaweza. Lakini atakurudishia mara nyingi kuliko ulivyonirudishia mimi."

Meneja akaguna, akaenda zake.

Mama Chekeche alirudi kazini baada ya wiki saba, mkono wake umekonda ndani ya mkono wa gauni. Aliwasalimu wote, mlinzi, wapakiaji, karani, hata meneja. Lakini Masikio peke yake mama alimpita bila salamu, kama anavyopita nguzo. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Masikio hakulalamika. Alipanda juu mapema kila asubuhi kabla mama hajafika, akakagua ngazi kipandio kwa kipandio, akafunga taa mbili za betri ukutani ambazo hakuna aliyemtuma kuzifunga, akashuka.

Siku ya tisa sauti ilitoka ghorofani, ikapenya ngurumo yote ya mashine.

"We Fundi! Chekeche la tatu linapiga kelele, au masikio yako siku hizi yanasikia beringi tu?"

"Nakuja, mama!" akajibu, na alikuwa tayari yuko katikati ya ngazi.